Jalada Linalosema "Goita" Peke Yake: Misimbo na Maelezo ya Magonjwa ya Tezi ya Thairoidi

Si ajabu kukuta jalada la mgonjwa kutoka Kasulu au Buhigwe, lililojaa majibu ya vipimo na orodha ya dawa, ambalo mahali pa utambuzi wa ugonjwa limeandikwa neno moja tu: goita, yaani rovu, uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni. Mtunza kumbukumbu anayepaswa kuligeuza neno hilo kuwa msimbo wa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, yaani ICD-10, akifungua orodha anakuta zaidi ya misimbo kumi ambamo goita inaweza kuingia, kuanzia E01.0 hadi E07.1. Akikosa maelezo zaidi ataandika E04.9, goita isiyo na sumu na isiyobainishwa, na kwa kufanya hivyo atakuwa amesema mambo mawili ambayo tabibu hakuyasema: kwamba tezi haitoi homoni kupita kiasi, na kwamba uvimbe hautokani na upungufu wa madini joto (iodini). Yote mawili huenda si kweli. Kosa hilo halitokani na uzembe wa anayetoa misimbo, kwa kuwa msimbo hauwezi kujua zaidi ya sentensi iliyouzaa.

Utata wenyewe unaanzia kwenye tezi. Kiungo hiki kidogo kilichoko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, kina umbo na kina kazi, na mambo hayo mawili hayafuatani. Tezi inaweza kuvimba mpaka ikaonekana kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara na bado ikatoa homoni kwa kiasi kinachotakiwa. Inaweza pia kuwa na ukubwa wa kawaida huku mgonjwa akikonda, akitetemeka mikono na moyo wake ukienda mbio. Kwa kuwa rovu huonekana na homoni haionekani, wengi wetu tumezoea kuandika kile kinachoonekana na kukiita ugonjwa. ICD-10 haikubali mkato huo. Makundi E00 hadi E02 yametengewa magonjwa yanayotokana na upungufu wa madini joto. E03 ni tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni pungufu, kwa sababu nyinginezo. E04 ni uvimbe ambao hauna homoni ya ziada na hautokani na upungufu wa madini joto. E05 ni ziada ya homoni. E06 ni uvimbeuchungu wa tezi, ukiwamo ule wa kingamwili unaojulikana kwa jina la Hashimoto. Na E07 hupokea yaliyobaki.

Kutokana na mpangilio huo, maelezo yanayofaa kutolewa msimbo ni yale yanayosema tezi inafanya kazi kwa kiwango gani, imevimbaje (sawasawa pande zote, kinundu kimoja au vinundu vingi), chanzo ni nini, na mgonjwa amefikia hatua gani ya matibabu. Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa homoni walioko Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba tabibu wa kituo cha afya akipapasa shingo kwa makini na kuandika alichokuta, swali la umbo limeshajibiwa kwa sehemu kubwa kabla mgonjwa hajapanda basi kwenda hospitali ya rufaa.

Swali la chanzo ndilo lenye uzito wa pekee katika mkoa wetu wa Kigoma. Madini joto hutoka kwenye udongo na maji na kuingia katika chakula, na sehemu za milima zilizo mbali na bahari, ambazo mvua imeosha udongo wake kwa karne nyingi, huwa na upungufu. Nyanda za juu za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko ziko katika hali hiyo. Muhogo nao unaongeza mzigo: kemikali za sianidi zilizomo ndani yake, hasa pale muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hugeuzwa mwilini kuwa thayosaianeti, ambayo huizuia tezi kuvuta madini joto. Mahali ambapo madini joto yanatosha, athari hiyo ni ndogo; mahali yanapopungua, muhogo huukuza upungufu uliokuwapo. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 Tanzania iliweka sharti la kuongeza madini joto katika chumvi inayouzwa kwa ajili ya chakula. Ni rahisi kusahau kwamba chumvi yenyewe, iwe ya bahari au ya chemchemi za Uvinza ambazo watu walichemsha maji yake kupata chumvi tangu kabla ya ukoloni, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe.

Kwa mantiki hiyo, goita ya mwanamke aliyekulia kijiji cha Kasulu akila chumvi isiyoongezwa chochote inaweza kuwa E01.0 ikiwa tezi imevimba sawasawa, E01.1 ikiwa na vinundu vingi, au E01.2 ikiwa umbo halikubainishwa. Ikiandikwa E04.9, mgonjwa hatadhurika siku hiyo, kwa sababu matibabu yake hayafuati msimbo. Atakayedhurika ni mkoa. Takwimu hupanda kutoka kituo hadi wilaya, mkoa na taifa kupitia MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za vituo vya afya, na mfumo wa kompyuta wa DHIS2, na mtu anayekaa Dodoma kutafuta wapi upungufu wa madini joto bado upo hatauona Kigoma ikiwa wagonjwa wake wameingizwa katika kundi ambalo kwa tafsiri yake rasmi limeutoa upungufu huo nje.

Hata hivyo mtunza kumbukumbu hana ruhusa ya kuandika E01 kwa sababu tu mgonjwa anatoka milimani. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na mimi nadhani ni sawa iwe ngumu. Chanzo kinatajwa na anayetibu, kwa maneno, katika jalada: "goita ya vinundu vingi inayohusishwa na upungufu wa madini joto" inatosha, na hata "goita ya eneo lenye upungufu", ambayo faharasa ya kialfabeti ya ICD-10 huielekeza moja kwa moja kwenye E01. Bila maneno hayo, mwenye kutoa msimbo anapaswa kurudisha jalada na kuuliza. Katika hospitali nyingi kurudisha jalada huonekana kama kumkosoa daktari, hasa pale anayeuliza ni kijana wa masijala na anayeulizwa ni daktari mwandamizi. Mahali ambapo mganga mfawidhi amelifanya jambo hilo kuwa utaratibu wa kawaida wa kila wiki, maswali huulizwa bila mtu kuhisi amevunjiwa heshima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 58 kutoka kijiji cha Kibondo ana rovu kwa zaidi ya miaka ishirini. Miezi ya karibuni amekonda, hapati usingizi, na moyo unapiga bila mpangilio. Jalada linasema "goita, mapigo ya moyo ya kasi". Kwa maneno hayo msimbo utakuwa E04.9 na R00.0, yaani uvimbe usio na sumu pamoja na dalili isiyo na maelezo. Lakini majibu ya maabara yaliyobandikwa ukurasa wa nyuma yanaonyesha TSH (homoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi) iliyozama hadi 0.02 na FT4 (homoni ya thairoidi iliyo huru katika damu) ya 38 pmol/L ilhali kikomo cha juu cha maabara hiyo ni 22, ultrasaundi imeonyesha vinundu vingi, na kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Endapo daktari angeandika "ziada ya homoni ya thairoidi kutokana na goita ya vinundu vingi, pamoja na mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo", misimbo ingekuwa E05.2 na I48.9. Huyo ni mgonjwa mwingine kabisa. Anahitaji kabimazoli ya kupunguza homoni, propranololi ya kutuliza mapigo ya moyo na pengine dawa ya kuzuia damu kuganda, na mhakiki wa madai ya bima akizikuta dawa hizo chini ya E04.9 ana haki ya kuuliza zimetokea wapi. Ni vema kufahamu pia kwamba goita kongwe zenye vinundu, zilizozaliwa na upungufu, wakati mwingine huanza kuzidisha homoni pale madini joto yanapoongezeka katika chakula. Hivyo mtu aliyekuwa E01.1 miaka mingi anaweza kuwa E05.2 bila uvimbe wake kubadilika kwa macho.

Je, mtunza kumbukumbu aliyeyaona majibu hayo ukurasa wa nyuma hawezi kuandika E05.2 mwenyewe? Hawezi, na sababu yake ni ya msingi. TSH hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo kwa kawaida hupanda thairoidi inapolegea na hushuka inapozidisha. Lakini hushuka pia kwa mgonjwa mahututi wa ugonjwa mwingine, katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito, na kwa anayemeza levothairoksini (homoni ya thairoidi ya vidonge) kupita kiasi. Namba moja ina maana nyingi, na kuchagua maana ni kazi ya anayemtibu mgonjwa. Pale ambapo jalada lina majibu yasiyo ya kawaida na halina utambuzi wowote, ICD-10 imetenga R94.6, matokeo yasiyo ya kawaida ya vipimo vya kazi ya thairoidi, ambao ni msimbo mnyenyekevu lakini wa kweli.

Vipimo vyenyewe huandikwa ovyo kuliko inavyofaa. Jibu la "FT4 1.5" lisilo na kizio halina maana. Kama ni nanogramu kwa desilita, 1.5 iko ndani ya kiwango cha kawaida cha maabara nyingi. Kama ni pikomoli kwa lita, mgonjwa ana upungufu mkubwa wa homoni, kwa sababu nanogramu moja kwa desilita ni sawa na takribani pikomoli 12.9 kwa lita. Sampuli za Kigoma husafiri, nyingine kwenda Mwanza na nyingine Dar es Salaam, na kila mashine ina kiwango chake cha rejea. Kunakili namba na kuacha kizio, kiwango cha rejea na tarehe ni kuharibu kipimo ambacho mgonjwa amekilipia.

Kusafiri kwa sampuli kunazaa tatizo jingine: majibu hurudi baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na utambuzi unabaki na alama ya kuuliza mbele yake. Hapa watu hutofautiana sana kwa sababu wanasoma vitabu tofauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba ikiwa mwishoni mwa huduma utambuzi mkuu umebaki "unashukiwa" na hakuna taarifa zaidi, utolewe msimbo kana kwamba umethibitishwa. Na ikiwa uchunguzi umeuondoa ugonjwa ulioshukiwa, kundi la kutumia ni Z03. Miongozo ya Marekani inakataza jambo hilo kwa wagonjwa wa nje, ambao hupewa msimbo wa dalili, na inaliruhusu kwa waliolazwa. Mtoa misimbo wa Kigoma anayejifunza kwa kusoma kurasa za Marekani kwenye intaneti, ambazo ndizo zilizojaa, anaweza kufuata kanuni isiyomhusu bila kujua.

Tofauti hiyo haiishii kwenye kanuni. Marekani ilianza kutumia toleo lake, ICD-10-CM, tarehe 1 Oktoba 2015, na katika toleo hilo E05 ina tarakimu ya ziada inayosema kama mgonjwa ana dharura ya kufurika kwa homoni au hana: ugonjwa wa Graves (ziada ya homoni inayoletwa na kingamwili) bila dharura ni E05.00, na wenye dharura ni E05.01. Katika toleo la kimataifa ugonjwa wa Graves ni E05.0 tu, na dharura hiyo ina msimbo wake, E05.5. Anayenakili E05.00 kwenye fomu inayotarajia E05.0 ataona mfumo ukimkatalia, na pengine atadhani mtandao umekatika. Toleo la kimataifa lina pia utaratibu wa alama za jambia na nyota, ambapo ugonjwa wa msingi na kiungo kilichoathirika hupata misimbo inayoandamana: macho yaliyotokeza kwa sababu ya Graves huandikwa E05.0 yenye jambia pamoja na H06.2 yenye nyota. Macho yasipotajwa katika maelezo, msimbo wa pili haupo, na rufaa kwa daktari wa macho inakosa kilichoihalalisha.

Kati ya makosa yote ninayoyajua, lile linalowaumiza wagonjwa wa kudumu zaidi ni la matibabu yaliyofanikiwa. Mgonjwa wa tezi iliyolegea aliyemeza levothairoksini kwa uaminifu atakuwa na TSH ya kawaida. Tabibu anaandika "thairoidi ya kawaida, aendelee na dawa". Kwa maneno hayo mgonjwa hana ugonjwa, lakini ana dawa ya maisha. Mhakiki anaona dawa isiyo na sababu, na mtumishi mpya atakayelishika jalada mwaka ujao anaweza hata kuisimamisha. Homoni imekuwa sawa kwa sababu ya kidonge, na ugonjwa upo palepale. Maelezo sahihi ni "upungufu wa homoni ya thairoidi, umedhibitiwa kwa levothairoksini", yakitaja kipimo cha dawa kwa mikrogramu, na msimbo unabaki katika E03 au mahali pengine panapostahili. Vivyo hivyo kwa anayetumia kabimazoli: majibu yakiwa mazuri, E05 haifutiki mpaka anayemtibu aandike kwamba ugonjwa umetulia na dawa imeachishwa.

Nimesema "mahali pengine panapostahili" kwa makusudi, kwa sababu E03.9, tezi iliyolegea isiyobainishwa, imekuwa kapu la kila kitu. Mgonjwa aliyeondolewa tezi kwa upasuaji au aliyepewa madini joto yenye mionzi, kisha akapungukiwa homoni, hayumo katika E03 kabisa. Msimbo wake ni E89.0, na E03 yenyewe imeandikwa kwamba inamtenga. Endapo upasuaji uligusa tezi ndogo za parathairoidi zilizo nyuma yake na kalisi ikashuka, huongezwa E89.2. Aliyelegezwa tezi na dawa, kwa mfano amiodaroni ya moyo, ambayo zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni madini joto, au lithiamu ya magonjwa ya akili, ni E03.2 pamoja na msimbo wa dawa iliyosababisha. Msimbo E02 nao hutumiwa vibaya: jina lake ni upungufu wa homoni usio na dalili unaotokana na upungufu wa madini joto, na sehemu ya pili ya jina hilo husahaulika, hivyo kila TSH iliyopanda kidogo huingizwa humo.

Kwa wajawazito kanuni ni fupi. Msimbo O99.2 hutangulia, ukifuatiwa na ule wa ugonjwa wenyewe, na uvimbeuchungu wa tezi unaojitokeza baada ya kujifungua una msimbo wake, O90.5. Mtoto aliyezaliwa na athari za upungufu wa madini joto ni E00, pamoja na msimbo wa kuanzia F70 hadi F79 ikiwa akili imeathirika. Mtoto aliyezaliwa na tezi iliyolegea bila goita kwa sababu nyingine ni E03.1.

Vinundu vinataka subira. Kinundu kimoja kisichozidisha homoni ni E04.1 mpaka chembe zilizovutwa kwa sindano nyembamba zisomwe na mtaalamu wa patholojia, na wakati huo huo kinaweza kuhamia D34 kikiwa uvimbe usio wa saratani, D44.0 ikiwa tabia yake haijulikani, au C73 ikiwa saratani. Kuandika C73 kwa kushuku ni kumfungulia mtu jalada la saratani ambalo litamfuata kila aendako, na kwa kuwa kanuni ya kimataifa niliyoitaja hapo juu hukubali utambuzi unaoshukiwa, ni busara anayetibu aandike "kinundu cha thairoidi, kinasubiri patholojia" badala ya "? saratani". Baada ya matibabu kukamilika na saratani kutoonekana tena, C73 huondoka na nafasi yake huchukuliwa na Z85.8, historia ya saratani, huku E89.0 ikibaki kueleza kwa nini mgonjwa anameza homoni. Anayeendelea kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa tiba ya mionzi bado ni C73.

Yote haya yatahamia kwenye mpangilio mpya nchi zitakapokamilisha kuingia ICD-11, ambayo ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo tezi iliyolegea ni 5A00, goita isiyo na sumu ni 5A01, ziada ya homoni ni 5A02 na uvimbeuchungu ni 5A03. Magonjwa ya upungufu wa madini joto, ambayo katika ICD-10 yalikuwa na makundi yao wenyewe mwanzoni kabisa, sasa yamewekwa ndani ya 5A00. Jalada lililoandikwa E01.1 litapata mahali pake. Lililoandikwa E04.9 kwa sababu mtu aliandika "goita" na kufunga kalamu litahamishiwa 5A01, likiwa na mambo yaleyale mawili ambayo hakuna aliyeyapima.